Chokaa na Samawati

Huenda msomaji akastaajabu kukuta, katika kitabu kinachohusu utamaduni wa taifa, makala juu ya rangi ya ukuta wa chumba kimoja. Ngoma zimeandikiwa, mavazi yameandikiwa, na mashairi, ambayo ndiyo kazi yetu ya jioni baada ya kazi ya ofisi, yamekwisha kuandikiwa hata yamechoka. Lakini ukuta wa chumbani ni kitu cha kwanza akionacho mtu afumbuapo macho alfajiri, na cha mwisho akiagacho usiku. Nasi tumejifunza, kwa kuchelewa na kwa aibu, kuwa kuchagua rangi yake si jambo la kumwachia mwenye duka.

Chumba tukisemacho ni cha mama yetu, katika mji wa Pangani, pale mto uingiapo baharini. Rangi zilizoshindana ni mbili: nyeupe ya chokaa, ambayo dada yetu aliitaka tangu mwanzo hata mwisho, na samawati, ambayo sisi tuliipaka bila kuuliza, kisha tukaikana, kisha tukarudi kuitetea. Nyumba yenyewe ni ya zamani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, unene wake wapata dhiraa moja, na dari imelala juu ya boriti za mikoko. Chumba ni chembamba, kwa kuwa katika nyumba za namna hii upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti, wala si na matakwa ya mwenye nyumba. Dirisha ni moja, nalo linatazama mashariki.

Utotoni mwetu hapakuwa na swali la rangi. Kuta zilipakwa chokaa, basi. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa kwa moto mkali hata yakageuka hali. Yalipopoa yakamwagiwa maji, nayo yakachemka na kutoa mvuke kama chungu kilicho mekoni, ingawa chini yake hapana moto. Walimu wa kemia watueleza sababu yake: moto huifukuza hewa ya ukaa kutoka katika jiwe, na chokaa ikishapakwa ukutani huivuta hewa hiyo tena kidogo kidogo, mpaka ikarudi kuwa jiwe kama ilivyokuwa. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa umevikwa nguo iliyofumwa kwa mwili wake wenyewe. Jambo hilo tulilijua baadaye, vitabuni. Wakati ule tulijua tu kwamba kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, mama alikoroga chokaa katika debe, akatia nili kidogo iliyofungwa katika kitambaa, ile ile iliyotiwa katika maji ya mwisho ya kufulia kanzu, ili weupe usije ukaelekea umanjano. Brashi ilikuwa ya makumbi ya nazi. Kazi yetu sisi watoto ilikuwa kukoroga, na onyo lilikuwa moja, tusiinamie debe, kwani chokaa ikirukia jichoni hupofusha.

Weupe ule haukuwa wa pambo peke yake. Aliyepata kuingia katika nyumba za kale za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ameona zidaka za lipu nyeupe zilizochongwa ukutani safu juu ya safu, katika chumba cha ndani kabisa, mahali ambapo jua lenyewe halifiki. Mwanga uliingia uani, ukuta mmoja ukaupokea na kuupeleka kwa mwingine, mpaka ukafika kitandani. Chokaa mpya hurudisha karibu sehemu 80 katika kila sehemu 100 za mwanga unaoiangukia. Samawati iliyokoza hairudishi hata nusu. Mafundi wa zamani hawakuwa na vipimo hivyo, lakini walikuwa na macho, na mafuta ya taa hayakuwa kitu cha kuchezea.

Sisi tuliyajua hayo yote nusunusu tulipopata cheo chetu cha kwanza serikalini, tukiwa na umri wa miaka 30 na ushei. Msomaji aliyefanya kazi katika ofisi za serikali anazikumbuka kuta zake: kutoka kiunoni kushuka chini rangi ya mafuta iliyokoza, ya kijani au ya buluu, na juu yake krimu, ili alama za mabega na migongo ya watu wanaongoja zisionekane. Tulikwisha kutazama kuta za namna hiyo miaka kadhaa, na tuliona kuwa huo ndio ustaarabu. Chokaa tuliiona ni ya watu waliokosa fedha. Tulinunua makopo ya rangi ya mafuta, samawati iliyokoza, tukamtia fundi kazini siku mbili, akapaka kuta zote nne, na rangi iliyobaki akaimalizia mlangoni na kwenye miimo yake, kwa kuwa hatukupenda kitu kiharibike. Mama aliitikia, "Ahsante, baba. Mungu akuzidishie." Dada yetu hakusema neno.

Ukuta wa matumbawe una unyevu ndani yake, na unyevu huo hutafuta njia ya kutokea. Chokaa huuachia upite. Rangi ya mafuta huufungia. Baada ya masika mbili rangi ilitoka malengelenge, yakapasuka, na nyuma yake ukatokea unga wa chumvi. Tulikwangua, tukapiga msasa, tukapaka tena rangi ile ile, na tena, kama mtu anayemfunga mgonjwa mdomo ili asikohoe. Katika kukwangua kule tulivuta vumbi lake bila kitambaa puani, jambo ambalo leo hatungemshauri mtu yeyote, kwani rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mkataba wa kazi wa kimataifa wa kuikataza risasi nyeupe katika kupaka kuta za ndani ulifanywa mwaka 1921. Hata hivyo, mnunuzi asione haya kuuliza dukani.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya lugha, maana ndimo kosa letu kubwa lilimojificha. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vikubalivyo viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mweupe, nyumba nyeupe, chumba cheupe. Rangi nyingine zote tumeziita kwa majina ya vitu: kijani kwa jani, manjano kwa bizari, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda la mzambarau. Samawati imeshuka kutoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Nili ni mmea utoao rangi. Buluu tumeipokea kwa Waingereza tukaitia irabu zetu. Tena yako majina kama maji ya kunde na damu ya mzee, ambayo kwa maoni yetu yanapita kwa uzuri kila jina tulilopata kuliona limeandikwa juu ya kopo. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kuwa lugha za dunia hupata majina ya msingi ya rangi kwa utaratibu unaofanana: kwanza nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo zifuate nyinginezo. Wametokea wa kuwapinga. Lakini mwalimu wa Kiswahili akilisoma dai hilo atavitazama vivumishi vyetu vitatu na kutabasamu. Hata kaniki, nguo ya buluu iliyokoza sana, wazee wetu huiita nyeusi.

Kwa hiyo mama alipoanza kuuita ukuta wetu wa samawati "ule ukuta mweusi", hatukushtuka. Tulifurahi. Tuliliandika neno hilo katika daftari letu. Tulipoalikwa kuzungumza na walimu wa Kiswahili wa shule za sekondari, tulimtaja mama yetu kuwa ushahidi ulio hai: mtu aliyelelewa na lugha ya kale, asiyehitaji samawati wala buluu, ambaye dunia yake ilitimia kwa rangi tatu. Walimu walipiga makofi. Mmoja aliuliza, kwa adabu, kama mama huyo zamani aliuitaje ukuta ule ulipokuwa mpya. Tukamjibu kuwa hatukumbuki, tukaendelea na hotuba.

Jibu lilikuwapo, na dada yetu analikumbuka: mwaka ule wa kwanza mama aliwaambia majirani kuwa mwanawe amempakia chumba rangi ya buluu.

Aliyeutambua ukweli ni yeye dada, wala si sisi wenye daftari. Alimwona mama akipapasa ukuta asubuhi akiutafuta mlango, mlango tulioupaka rangi moja na ukuta ili kopo lisiharibike. Alimwona akimimina chai kando ya kikombe. Siku moja mama alivaa kanga mbili zisizo doti moja, yeye ambaye maisha yake yote hakupata kutoka nje na kanga isiyolingana. Dada alimpeleka kwa daktari wa macho pasipo kutungoja. Tulipofika, daktari alikuwa amekwisha kupima, na swali lake kwetu lilikuwa jepesi: mama huyu ameanza kutoona vizuri tangu lini? Hotuba yetu kwa walimu ilikuwa na tarehe juu ya ukurasa wa kwanza. Ilikuwa imepita miaka 6.

Ugonjwa wenyewe ni mtoto wa jicho, ambao duniani ndio unaoongoza kwa kupofusha watu. Lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo kwa kijana ni angavu kama maji ya kisima, huingia ukungu; na kwa wazee wengi hugeuka manjano, kisha hudhurungi, kama kioo cha taa kisichofutwa. Lenzi ya namna hiyo huizuia zaidi buluu. Nyekundu hupita, manjano hupita, buluu hubaki mlangoni. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alipatwa na ugonjwa huu uzeeni, na baada ya kupasuliwa jicho moja mwaka 1923 alitatizika sana na rangi alizoziona upya. Siku hizi tiba ni nyepesi kuliko alivyoipata yeye: lenzi iliyoharibika hutolewa na nyingine ya bandia hutiwa mahali pake, kazi iliyofanywa mara ya kwanza na Harold Ridley katika London mwaka 1949. Mama alipasuliwa jicho la kulia akiwa macho, akisoma uradi kwa sauti ndogo.

Tulipomrudisha nyumbani alikaa kitandani, akautazama ukuta, akauliza nani ameupaka tena. Tukamwambia hapana aliyeupaka. Akaliziba kwa kiganja jicho la kulia, akasema, "Huku mweusi." Akaliziba la kushoto. "Huku bahari ya kaskazi." Akarudia, la kulia, la kushoto, kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea. Kisha akatugeukia. "Baba, kumbe ulinipakia rangi nzuri hivi?"

Ni hapo tulipotatizika. Maana tulikuwa tumekuja na fundi na gunia la chokaa, tumekusudia kuufuta ule ukuta na aibu yake kwa siku moja, na sasa mwenye chumba ameupenda. Dada yetu alishikilia chokaa: ukuta unaoza, alisema, na rangi ya mafuta haina haki ya kukaa juu yake hata kama ni nzuri kama pepo. Sisi, ambao asubuhi yake tulikuwa tukiilaani samawati, tulijikuta mchana tunaitetea. Fundi, mtu wa makamo ambaye amekwisha kuona nyumba nyingi zikigombana kwa sababu ya kopo, alipendekeza tupake vipande viwili, cha chokaa na cha samawati mpya, upana wa mkeka kila kimoja, tuviache siku mbili, na mama awe hakimu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuvipaka vikiwa vimegusana. Chokaa ilionekana imechujuka na kuingia umanjano, na samawati ikaonekana imekoza kuliko ilivyokuwa katika kopo. Hilo lilikwisha kuelezwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul katika kitabu chake cha mwaka 1839. Alikuwa mkuu wa kazi za kutia rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris; watu walilalamika kuwa nyuzi zake nyeusi hazikukolea, naye akatambua kuwa ubaya haukuwa katika nyuzi bali katika rangi zilizopakana nazo. Rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma mwenzake iende mbali nayo. Basi anayetaka kulinganisha rangi mbili za chumba na azitenge, moja ukuta huu na moja ukuta ule, azitazame moja moja. Tulipaka upya.

Kosa la pili lilikuwa kutaka kuamua saa nne asubuhi. Chumba kimoja kina kuta nyingi kwa siku. Jua lilipochomoza na kuingia kwa lile dirisha la mashariki likaupiga ukuta unaolikabili, kipande cha chokaa kiliwaka, na mama akalifunika jicho la kushoto kwa upande wa kanga: jicho lenye ukungu huutawanya mwanga mkali, na weupe ukageuka mwiba. Samawati wakati huo ilikuwa mahali pa kupumzikia. Alasiri mambo yaligeuka. Jua lilikuwa limepita upande wa pili wa nyumba, samawati ikaingia kiza, na chokaa peke yake ikabaki inaokota ule mwanga kidogo uliosalia. Usiku, chini ya balbu, samawati ilipooza ikawa haina jina. Mama alihukumu kila saa kwa macho mawili yasiyokubaliana, na hukumu zake tuliziandika katika lile lile daftari.

Mwisho fundi alisema kuwa rangi ya mafuta haitapakwa na yeye katika ukuta ule, hata tukimwongeza, ila kama mama anataka bahari, bahari yaweza kupatikana ndani ya chokaa. Akatia nili. Siyo kidogo kama ile ya mama ya kuondoa umanjano, bali konzi nzima, na tena. Nili ya kufulia huvumilia ukali wa chokaa bila kufifia, jambo ambalo si kila rangi ya buluu inaliweza. Ilipokuwa mbichi ilitutisha, imekoza kama wino, fundi akasema, "Subiri ikauke, mzee." Ilipokauka ilikuwa nyepesi mno, hata mama akauliza kama imepakwa. Akaongeza nili, akapaka mara ya pili, na mara ya tatu.

Ukuta ule mmoja, unaopigwa na jua la asubuhi, ndio sasa wenye rangi hiyo. Tatu zilizobaki ni nyeupe. Mlango dada aliusimamia mwenyewe: aliukwangua mpaka akaufikia mti wa mninga, akaukataza rangi yoyote, ili mtu auone ulipo. Tulipata zamani kutunga shairi juu ya chumba kile, beti 14, nyeusi na nyeupe zikijibizana kwa vina. Tumelichana.

Jioni ile kazi ilipokwisha mama alikaa tena kitandani akafanya mchezo wake, jicho hili, jicho lile. Alipoliziba lile jipya aliinyamazia chokaa kwa muda mrefu. Kwa jicho la kushoto, alisema, ukuta mweupe si mweupe. Una rangi iliyokuwa nayo usiku wa harusi yake, taa ya chemni ikiwa juu ya kasha, kabla umeme haujafika. Akauliza kama ni lazima jicho hilo nalo lipasuliwe.

Dada yetu alicheka, akamwambia tarehe imekwisha kupangwa, ni baada ya Idi. Sisi tulitoka uani. Chokaa iliyobaki imo katika debe chini ya ngazi, tumeijaza maji juu yake isije ikaganda, na nili iliyobaki imefungwa katika kitambaa, imening'inizwa mahali ambapo mama ataifikia.